Mkono wa Tatu

Kanisani kwetu Durban msichana hakuruhusiwa kukaa kwenye drams. Hakuna andiko lililosema hivyo, nilitafuta. Sababu ilikuwa magoti. Mpiga drams huketi ametanua miguu, na ile ngoma ndogo yenye waya tumboni hukaa katikati ya magoti yake. Akina mama wetu walikuwa wameshaamua tangu kwetu Bukavu, Kongo, kwamba binti mwenye sketi hawezi kuonekana hivyo mbele ya watu wa Mungu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, naimba sauti ya kwanza, na nilikaa na hasira juu ya jambo hilo kila Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja.

Kilichonizidishia hasira ni kwamba mpiga drams mwenyewe alikuwa kaka yangu. Kwetu mkubwa wako unamwita yaya, awe wa kiume au wa kike, na mimi hapa nitamwita hivyo hivyo. Yaya alijifunza katika shule ya mapadri, kwenye drams zilizoachwa na padri aliyerudi kwao. Yeye na wenzake watatu hawakutaka rumba wala nyimbo za sifa. Walipiga rock, kwa gitaa mbili na kipaza sauti kimoja, na mimi nilikuwa mtoto wa kuchungulia dirishani. Kisha vita ikatutawanya. Durban ikampa kizibao cha kung'aa na kazi ya kulinda magari ya watu waliokuja kula kwenye mikahawa.

Rock hakuipiga tena na mtu. Lakini Jumapili alifika ukumbini kabla ya wote. Tulikuwa tunasali katika ukumbi wa shule moja kule Berea, na akisha kukaza ngoma zake alikuwa anajipigia rock peke yake kwa dakika kumi hivi. Mimi nilijitolea kupanga viti. Watu walinisifu kwa moyo wa kujituma, nikawaacha wasifu.

Jambo moja zaidi kuhusu drams zile. Mguu wa lile toazi kubwa ulivunjika siku tulipohamia ukumbini, na badala ya kutafuta mwingine, mtu fulani alilifunga toazi kwa kamba kwenye bomba la juu ya dirisha, upande wa kwaya. Yaya hakuweza kulifikia. Basi lilipigwa na kiongozi wa kwaya, mzee mmoja fundi viatu, aliyesimama kando yake na kijiti mkononi, akingoja mahali ambapo wimbo unapanda. Mimi nilisimama hatua mbili kutoka hapo. Kwa miaka mitatu toazi lile lilinipasukia sikioni, hadi nikaacha kushtuka.

Mwaka huo barua ya Kanada ikaja. Yaya, mke wake na watoto wao wawili walikuwa wamekubaliwa kuhamia huko kama wakimbizi. Mimi sikuwa kwenye faili lao, kwa sababu niliingia nchini baadaye nikajiandikisha peke yangu. Walikuwa na wiki sita. Niliwapongeza, nikacheza na watoto, na kesho yake nikalia kwenye choo cha saluni hadi bosi akagonga mlango akiuliza kama naumwa tumbo.

Nililia kwa sababu ya kuachwa, hilo sitalificha. Lakini kulikuwa na jingine. Niliwahi kumwomba anifundishe drams, akacheka. "Petite, ile si kazi ya bamama," alisema. "Utakaa pale, halafu ni miye bamama batapiga." Hakuwa mkali. Aliniambia kama unavyomwambia mtoto asichezee moto. Sasa alikuwa anaondoka, na angeondoka ananijua kama mdogo wake anayeimba vizuri. Nilitaka anisikie mara moja tu kama mwanamuziki mwenzake. Nilitaka asikie ngoma yangu, na asijue kwanza kuwa ni yangu.

Kwa hiyo nikadanganya. Saluni yetu ilikuwa karibu na soko la Warwick, juu ya duka la simu, na siku moja akaja kusuka msichana mmoja mwanafunzi. Alizaliwa Durban, katika zile familia za Waislamu ambao asili yao ni Afrika Mashariki. Kiswahili chake kilikuwa cha bibi yake: alinipa shikamoo wakati tulikuwa rika moja. Rasta ni kazi ya saa sita, na kwa saa zote sita alikuwa anajipigapiga mapajani. Nikamuuliza ana nini.

"Nina wimbo," alisema. "Wa rock. Gitaa napiga mwenyewe, naimba mwenyewe. Mpiga drams wangu amehamia Cape Town. Nina kompyuta inayotengeneza ngoma, lakini ngoma zake, eish, zinalala na macho wazi."

"Mimi ni mpiga drams," nikasema. Mikono yangu iliendelea kusuka kana kwamba si yangu.

Alikuwa amepanga chumba Glenwood, karibu na chuo, katika nyumba kuukuu yenye sakafu ya mbao iliyokuwa inalia ukikanyaga. Bahati yangu hapakuwa na drams mle. Palikuwa na gitaa, kitanda, na kompyuta nzito ya rangi ya uji iliyojaza meza nzima. Kwenye kioo chake ilionyesha mistari, na juu ya mistari viboksi vidogo. Kila kiboksi kilikuwa pigo moja. Ukibonyeza hapa, ngoma ya mguu inalia. Ukibonyeza pale, ngoma ya magotini. Sauti zenyewe zilikuwa za kweli, zimerekodiwa moja moja kutoka kwa mtu aliyekaa mahali fulani na kupiga kila ngoma mara moja. Kazi yetu ilikuwa kuzipanga ziwe mtu mmoja tena.

Siku ya kwanza nilipanga kila pigo palepale kwenye mstari wake. Programu ilikuwa na kitufe cha kunyoosha, ukikibonyeza pigo lililokaa vibaya linarudi mahali pake, na mimi nilikipenda sana kitufe kile. Nguvu ya pigo ilihesabiwa kuanzia moja hadi mia moja ishirini na saba. Mimi nilitaka rock, basi nikaweka mia moja ishirini na saba kila mahali. Tulipocheza, ilisikika kama askari anayegonga mlango.

Mwenyeji wangu alisikiliza kwa adabu. Halafu akauliza, "Dada, umewahi kupiga drams kweli?"

"Kichwani nimepiga miaka kumi."

Alicheka hadi akakaa chini, kisha akasema sawa, hata yeye gitaa alianzia kichwani. Nilimpenda kuanzia saa ile. Tukapatana kwamba nitakuja kila Jumatatu, siku yangu ya mapumziko, na kila asubuhi nitakayoweza kumtoroka bosi.

Jibu nililipata saluni. Bosi wangu, mama mmoja wa Lubumbashi mwenye macho ya polisi, alikuwa na tabia ya kushika kichwa cha mteja tukimaliza, akakipapasa kwa vidole na kusema nani alisuka wapi. "Hapa ni weye, mbele ya kula. Hapa ni weye, kiisha kula." Hakukosea. Upande wa kulia nilikaza zaidi. Nyuma, nilikofika nimechoka, nililegeza. Siku ile alipokuwa akisema maneno yale niliyoyasikia mara mia, nikasimama na kitana mkononi kama mtu aliyeitwa jina. Ngoma zangu hazikuwa na mkono wa kulia wala wa kushoto. Hazikuwa zimekula wala hazikuwa na njaa. Hakuna mtu aliyesuka kichwa kile.

Jumapili iliyofuata nilipanga viti polepole kuliko kawaida, na badala ya kusikiliza ngoma nilimwangalia Yaya. Mkono wake wa kulia ulipiga yale matoazi mawili yanayobanana, moja kwa nguvu, moja kwa unyonge, moja kwa nguvu. Akisha kuzungusha ngoma zote kwa haraka, pigo la kwanza baada ya hapo lilikuwa dhaifu kidogo, maana mikono ilikuwa bado inarudi nyumbani. Na ngoma ya magotini ilichelewa. Sikuwahi kuliona hilo. Mguu ulifika mahali pake sawasawa, lakini mkono wa kushoto ulifika baadaye kidogo mno, kama mtu anayejua kwamba watamngoja. Nilipiga hesabu kwa vidole nyuma ya kiti. Kila mara ulichelewa.

Jumatatu niliacha kukitumia kitufe cha kunyoosha. Nilichukua kila pigo la ngoma ya magotini nikalisogeza lije baada ya mstari, unywele mmoja tu. Yalikuwa zaidi ya mia mbili, na niliyasogeza moja moja, kila moja kwa kiasi chake, kwa sababu hakuna binadamu anayechelewa sawasawa kila siku. Nilishusha nguvu pale ambapo mkono ungechoka. Katikati ya mapigo makubwa nikaweka madogo ambayo hakuna atakayeyasikia, yale ambayo kijiti hujigongea chenyewe, kwa sababu Yaya alikuwa nayo na nilipoyaondoa ngoma ilikuwa uchi.

Mwenyeji wangu alikaa kitandani na gitaa, kazi yake kuniuliza swali moja. "Hii unapiga na mkono gani?" Nikimjibu kulia, anauliza, "Na ile?" Nikimjibu kulia pia, ananitazama, nami nafuta moja. Tulifuta mengi. Mwisho kabisa wa wimbo, pale kibwagizo kinaporudi mara ya tatu na kila kitu kinapanda, aliniuliza tena, na mimi nikachoka naye.

"Hapo niache," nikasema. "Hapo napajua."

Kwa kweli nilipajua. Ndivyo nilivyokuwa nimezoea kuusikia wimbo unapopanda, kila Jumapili, kwa masikio yangu mwenyewe.

Ilituchukua wiki nne. Tukarekodi gitaa na sauti juu ya ngoma zile, tukahamishia kwenye kaseti, na Jumamosi moja alasiri nikaipandisha Berea, kwenye fleti yetu. Wifi yangu alikuwa ameshuka Warwick na watoto kununua vitu vya safari. Masanduku yalikuwa wazi sebuleni, na Yaya amekaa katikati yake akikunja mashati kabla ya kwenda kazini. Niliweka kaseti kwenye redio bila kusema kitu.

Wimbo ulianza. Alikunja shati moja, akakunja la pili, la tatu akaliacha mapajani.

"C'est qui, anayepiga?" akauliza.

"Mutu moya wa kule Glenwood."

"Muzungu?"

"Sikiliza kwanza, Yaya."

Akasikiliza. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya shati. "Hapana, si muzungu. Unasikia caisse, ile ya magotini? Anachelewa kidogo, anachelewa vile vile. Huyu ni mutu ya kwetu." Akainua kichwa, uso umefunguka kama ambavyo sikuuona tangu Bukavu. "Sikia pale! Mukono ya kushoto imechoka. Vrai batteur, mupiga drams wa kweli, huyu. Alikuwa wapi siku yote? Mulete kesho, nitaongea na pasta. Nilikuwa naona haya kuacha kanisa bila mutu. Sasa sharp, ninaenda na roho safi."

Nilikuwa nimepata nilichotaka, chote, na zaidi. Sijui kama nimewahi kufurahi vile. Nilisimama kati ya masanduku nikajiambia kwamba wimbo ukiisha nitamwambia, na nilikuwa nimeshachagua maneno.

Kibwagizo kikarudi mara ya tatu. Kila kitu kikapanda. Yaya akainua kidole.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akasikiliza, akaniambia nirudishe tena. Safari hii aliweka shati pembeni, akakaa vizuri kwenye ukingo wa sanduku, akatanua magoti, akapiga hewani. Mkono wa kulia ulikwenda kwenye ngoma kubwa ya pembeni. Wa kushoto ulikuwa kwenye ngoma ya magotini. Toazi likapasuka kwenye redio, na mikono yote miwili ya Yaya ilikuwa na kazi.

"Na ile cymbale?" akasema polepole. "Anaipiga na nini? Na kichwa? Huyu iko na mikono tatu."

"Kanisani inasikilika vile," nikasema.

Ningejing'ata ulimi, lakini nilikuwa nimeshasema. Akashusha mikono.

"Kanisani mukono ya tatu ni ya mzee," akasema. "Ni weye."

"Ni miye. Na kompyuta."

Nilitegemea acheke. Alisimama akazima redio. "Ni mashine," akasema. "Nimesifu mashine. Nilitaka kwenda kwa pasta na mashine." Aliona aibu, na aibu ikimpata kaka yangu hugeuka kuwa ukimya. Akaanza kuvaa kizibao chake.

Hapo ndipo hasira yangu ya miaka mitatu ilipotoka. "Mashine haijue kuchelewa!" nilimfokea. "Kila mahali ulisema anachelewa, ni miye nilichelewesha, moya moya, na kidole yangu. Nilikuangalia weye. Hakuna pale pigo moya siyo yako. Mulinikataza kiti, Yaya. Masikio hamukunikataza."

Alifunga zipu akatoka, na nilimsikia akishuka ngazi hadi chini. Nikamaliza kumkunjia mashati. Nililia tena, safari hii bila kujificha, kwa sababu hapakuwa na wa kugonga mlango.

Asubuhi kaseti haikuwamo kwenye redio, na Yaya hakuwamo nyumbani. Wifi yangu alisema ametoka mapema, hakunywa hata chai. Nikafikiri ameitupa. Nilikuwa na nakala Glenwood, lakini si hilo lililoniuma. Nilipanda kwenda ukumbini mapema kama kawaida yangu, kwa mazoea tu, nikiwa nimeshaamua kwamba kuanzia siku ile viti vitapangwa na mtu mwingine.

Nilisikia drams kutoka kwenye geti la shule. Mwanzoni sikuelewa kilichonisimamisha. Ilikuwa rock, na Yaya alipiga rock kila Jumapili. Kisha yakaja mapigo mawili ya mguu niliyoyaweka Jumatatu moja nikiwa na njaa, nikayaacha kwa sababu mwenyeji wangu alitabasamu.

Alikuwa anapiga ngoma yangu.

Niliingia kwa mlango wa nyuma nikachukua kiti kimoja mikononi, nikabaki nacho. Alikuwa ameishika yote. Alipotea mahali pamoja, akatukana kwa Kifaransa ndani ya nyumba ya Bwana, akarudi. Ilikuwa ajabu kuiona ina mwili. Nilikuwa nimeipanga kiboksi kwa kiboksi, na sasa ilikuwa inatoka jasho. Pale nilipokuwa nimeshusha nguvu kwa kukisia kwamba mkono utachoka, mkono wake ulichoka kweli, mahali palepale.

Alifika kwenye kibwagizo cha tatu, akasimama. Ukumbi ukanyamaza. Akarudi nyuma kidogo, akaanza tena, akafika palepale, akasimama tena. Hakuwa amegeuka, lakini alijua niko nyuma yake.

"Weye unangoja nini?" akasema. "Mimi niko na mbili tu."

Kijiti cha mzee kilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha. Niliweka kiti chini. Nilikwenda nikasimama mahali pake, chini ya lile bomba, nikakishika kile kijiti, na kwa heshima ya akina mama nikabana magoti. Yaya akaanza kutoka mbali, kwenye ubeti, ili nipate muda wa kuogopa. Kibwagizo kikaja. Mikono yake ikajaa. Nikalipiga toazi kwa nguvu zangu zote, likaruka kwenye kamba, na mlio wake ukaenda hadi nje kwenye miti.

Yaya alimaliza mapigo yake yote kabla ya kugeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi.

"Umechelewa," akasema.

Kisha akaanza tena tangu mwanzo, ili nichelewe tena.